Namna ya Kuzeeka na Kihariri Chako

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika programu za kompyuta na anayekusudia kuendelea hadi mvi zimtoke. Katika muda huo lugha aliyoanza nayo itapitwa na wakati, kampuni iliyomwajiri itauzwa au itafungwa, na kompyuta yake ya kwanza itaishia kwa fundi wa vipuri. Kitakachobaki mbele ya macho yake mchana kutwa ni kihariri, lile dirisha anamoandikia msimbo. Watu hutafakari miezi kabla ya kuoa au kuolewa, lakini kihariri, ambacho watakishika saa nyingi kuliko mkono wa mwenza, hukichagua kwa dakika tano.

Naandika haya kwa sababu naipenda kazi hii, na kwa sababu nimewaona watu hodari wakizeeka vibaya ndani yake. Wengine huwagombeza vijana kwa kutumia zana ambazo wao hawakuzaliwa nazo. Wengine huwakimbiza vijana, kila msimu na zana mpya, na hawajui yoyote kati ya hizo kwa undani. Ipo njia ya tatu, na hatua zake ni hizi.

Chukua cha jirani

Usitafute kihariri bora. Tafuta mtu aliyekaa karibu nawe, anayejua kazi na asiyechoka kuulizwa, kisha tumia anachotumia yeye. Miezi ya mwanzo utakwama kila siku, na ukikwama unahitaji mtu wa kuegemeza kiti chako upande wake na kusema, "Kaka, hebu tazama hapa." Makala za kulinganisha vihariri hazina bega.

Ukitaka kujua mtu asiye na jirani hufikwa na nini, ushahidi upo. Mwaka 2012 mtu mmoja aliuliza katika tovuti ya Stack Overflow namna ya kutoka ndani ya kihariri cha Vim. Mei 2017 wenye tovuti hiyo walitangaza kwamba swali hilo limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Wengi wa waliolifungua walitaka tu kubadilisha mstari mmoja wa faili, dirisha la Vim likajifungua bila wao kuliita, wakapiga herufi zisitokee, wakabonyeza kila kitufe kilichokuwapo.

Ukimkuta mgeni katika hali hiyo, usimcheke. Mwambie abonyeze Esc, kisha aandike nukta mbili, herufi q na alama ya mshangao, kisha Enter. Halafu, na hapa ndipo ujirani unapoonekana, mweleze kwamba ile alama ya mshangao imetupa kila alichobadilisha, na kwamba kama angetaka kuhifadhi angeandika wq. Kumtoa mtu bila kumwambia alichopoteza ni msaada nusu.

Uliza kilikotoka

Ukishajua kuingia na kutoka, utakutana na mambo ya ajabu. Kwa nini katika Vim mtu husogea kwa herufi h, j, k na l wakati vitufe vya mishale vipo? Kwa nini Esc, kitufe kilicho mbali kabisa kwenye kona, ndicho kinachobonyezwa kila baada ya sekunde chache? Kabla hujakasirika, uliza ni mashine gani iliyoizaa desturi hiyo. Karibu kila mara jibu lipo, na karibu kila mara ni la akili.

Babu wa Vim ni vi, kihariri alichokiandika Bill Joy mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Terminali aliyoitumia iliitwa ADM-3A, iliyotengenezwa na kampuni ya Lear Siegler. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale vya kujitegemea. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L zenyewe. Esc nayo ilikaa pale ambapo leo kuna Tab, karibu na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwa hiyo Joy hakubuni kitendawili. Aliweka kila kitu pale mkono wake ulipokuwa. Kibodi hiyohiyo ilikuwa na kitufe kimoja kilichobeba neno HOME pamoja na alama ya ~, na ndiyo maana hadi leo katika mifumo ya Unix alama hiyo humpeleka mtumiaji kwenye saraka yake ya nyumbani. Mamilioni ya watu huiandika kila siku, na terminali yenyewe iko makumbusho.

Kisha angalia waya. Joy alifanya kazi akiwa nyumbani kupitia modemu ya baud 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina herufi 1,920. Gawanya: kuichora skrini nzima upya kulichukua zaidi ya dakika moja. Katika hali hiyo amri ndefu ni ubadhirifu. Ndiyo maana dd hufuta mstari, p huubandika, u hurudisha ulichoharibu. Kabla yake kulikuwa na ed, kihariri cha Ken Thompson cha mwaka 1969, kilichozaliwa wakati watu wakiandika kwenye mashine za kupiga chapa zilizounganishwa na kompyuta, ambapo kila herufi iligharimu wino, karatasi na kelele. Ukikosea, ed hujibu kwa alama moja tu: ya kuuliza. Inakujulisha kwamba kuna kosa, na inakuamini kwamba utalijua.

Sisemi haya ili tuisifu shida. Nasema kwa sababu shida ile haijaisha. Mtu aliyeko Kigoma au Bunia, anayerekebisha seva iliyoko Ulaya kwa bando la simu, huku kila herufi ikichelewa kutokea, anaishi katika mwaka 1976 kwa saa hiyo. Kihariri kizito chenye rangi na picha kitamganda mkononi. Amri ya herufi mbili itapita. Kwa ajili ya saa hiyo, kila anayeanza kazi hii ajifunze vi kiasi cha kufungua faili, kutafuta neno, kubadilisha mstari na kutoka salama, hata kama maisha yake mengine yote atayaishi kwingine. Inahitaji jioni mbili. Siku seva ya watu inapokuwa chini, jioni hizo mbili zitalipa.

Desturi nyingine zina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1928 IBM ilileta kadi ya kutoboa yenye safu 80. Terminali zilizokuja baadaye zikarithi 80 hiyo. Mwongozo wa mtindo wa lugha ya Python, ulioandikwa mwaka 2001, unataka mstari usizidi herufi 79. Kwa hiyo binti wa miaka ishirini, ambaye hajawahi kuiona kadi hiyo hata kwenye picha, huambiwa na mashine yake kwamba mstari wake umerefuka mno. Akikuuliza sababu, usimwambie "ndivyo ilivyo". Mweleze habari ya kadi, kisha mweleze kwamba mistari mifupi huwezesha faili mbili kukaa ubavu kwa ubavu kwenye skrini moja, jambo ambalo anayekagua msimbo wa mwenzake hulihitaji kila siku. Sababu ya kwanza ilikufa, ya pili ikazaliwa mahali pake. Desturi ambayo haijapata sababu ya pili ndiyo ya kutupwa.

Vita viwe vya mlo mmoja

Mwaka uleule wa 1976, upande wa pili wa Marekani, katika maabara ya akili mnemba ya MIT, Richard Stallman na Guy Steele walianzisha Emacs, ambayo mwanzoni ilikuwa mkusanyiko wa amri juu ya kihariri cha zamani kilichoitwa TECO. Mwaka 1985 Stallman alitoa GNU Emacs, na tangu hapo dunia ya waandishi wa programu ikagawanyika. Upande wa vi husema kwamba kihariri kifanye kazi moja na kiondoke. Upande wa Emacs husema kwamba mtu akishaingia, hana haja ya kutoka: ndani yake kuna barua pepe, kalenda, mchezo wa Tetris, na hata daktari wa kukuuliza unajisikiaje. Stallman mwenyewe amewahi kuvaa joho na sahani ya diski kichwani mfano wa nuru ya watakatifu, akajitangaza mtakatifu wa kanisa la Emacs.

Ushauri wangu ni kwamba vita hivi vipiganwe, kwa sababu ni vitamu, na kwa sababu ndani yake kijana husikia mambo mengi ambayo hayamo kwenye vitabu. Lakini vianze na wali na viishe na chai. Mkirudi mezani, kila mtu na kihariri chake. Kiongozi wa timu anayewalazimisha wote watumie kihariri anachokipenda yeye anafanya kosa la kweli: mikono ya watu imeshazoea, na mpini wa jembe hukaa vizuri kwenye kiganja kilicholima nao. Sheria ihusu kile kinachoingia kwenye hazina ya pamoja, yaani mpangilio wa msimbo, majaribio na majina. Namna ulivyofika pale ni siri yako na kibodi yako.

Na kwa wale wanaodhani pande hizi haziwezi kupatana, ndani ya Emacs kuna kiongezi kiitwacho Evil ambacho huigeuza iwe na amri za vi. Watu hukitumia kwa furaha kila siku. Amani ilishatiwa saini zamani, ila habari haijafika kwenye meza zote.

Kunoa kuna kiasi

Hapa ndipo wengi tunapowapoteza. Mtu hugundua kwamba kihariri kinaweza kubadilishwa: rangi, fonti, vifupisho, viongezi. Wiki ya kwanza ni nzuri, kwani anaondoa uzito uliokuwa ukimchelewesha kweli. Mwezi wa tatu anabadilisha kivuli cha kijani kwa mara ya nne, na kazi aliyoajiriwa kuifanya iko palepale.

Katika somo hili mwalimu ni mmoja. Donald Knuth alianza kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu sanaa ya kuandika programu mwaka 1962, na juzuu la kwanza likatoka mwaka 1968. Mwaka 1977 aliona kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu la pili, zilizopangwa kwa mitambo mipya, akachukizwa na sura yake. Akaweka kitabu pembeni ili atengeneze programu ya kupanga herufi, akiamini ni kazi ya muda mfupi. Ilimla takriban miaka kumi. Matokeo yake ni TeX, ambayo hadi leo wanahisabati na wanafizikia duniani kote huitumia kuandika makala zao. Namba za matoleo yake huikaribia pai tarakimu moja kwa wakati: 3.14, 3.141, 3.1415. Knuth ameagiza kwamba siku atakapofariki toleo liitwe pai yenyewe, na kasoro zote zitakazokuwa zimebaki zihesabiwe kuwa sehemu halali ya programu.

Mtazame vizuri mzee huyu, maana ana mambo mawili. Alinoa kwa miaka kumi, ndiyo, lakini alichokinoa kilikatia watu wote. Na alirudi kwenye kitabu: sehemu ya kwanza ya juzuu la nne ilitoka mwaka 2011, ya pili mwaka 2022, yeye akiwa na miaka 84. Basi pima mabadiliko yako kwa kipimo hicho. Kama unachokitengeneza kwenye kihariri chako kitamfaa mwenzako pia, endelea, na umpe. Kama ni kivuli cha kijani, jipe jioni moja kwa mwezi, ufunge, urudi kazini. Hifadhi mipangilio yako katika hazina ya Git, ili siku kompyuta inapoibwa au kuanguka usikae wiki nzima ukikumbuka ulichokuwa nacho.

Jiandae kuhama

Utahama. Juni 2022 GitHub ilitangaza kwamba kihariri chake cha Atom, kilichopendwa na wengi tangu 2014, kingefungwa, na tarehe 15 Desemba mwaka huo kikafungwa. Waliokuwa wamejenga maisha yao humo walipewa miezi sita ya kufungasha. Lakini hebu tazama kilichotokea kwenye mifupa yake. Ili Atom ifanye kazi, watengenezaji wake walikuwa wameunda msingi wa kugeuza teknolojia za wavuti kuwa programu za kompyuta, ambao sasa unaitwa Electron. Juu ya msingi huohuo Microsoft ilijenga Visual Studio Code, iliyotangazwa mwaka 2015, kihariri ambacho ndicho kilichowavutia watumiaji wa Atom mmoja mmoja. Atom ilikufa, na mshindani wake anatembea kwa miguu ya Atom.

Aliyeongoza ujenzi wa Visual Studio Code ni Erich Gamma, yuleyule ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliojenga Eclipse kule IBM. Naye Anders Hejlsberg ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1983 kompaila yake iliuzwa na Borland kwa jina la Turbo Pascal, kwa dola 49.95, wakati washindani walitoza mamia. Ilikuwa na kihariri na kompaila ndani ya programu moja: unaandika, unabonyeza, inakimbia. Baadaye akajenga Delphi, kisha akahamia Microsoft akaongoza usanifu wa C#, kisha TypeScript mwaka 2012. Machi 2025, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kazi, alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript inaandikwa upya kwa lugha ya Go, ambayo si yake, kwa sababu vipimo vilionyesha kasi ya kama mara kumi. Kulikuwa na waliolalamika kwamba hakuichagua C#, mtoto wake mwenyewe. Alitazama vipimo. Kama mtengenezaji wa zana anaweza kuziacha namna hiyo, sisi watumiaji tunang'ang'ania nini?

Habari njema ni kwamba kuhama kumekuwa rahisi kuliko zamani, na sababu yake inastahili kujulikana zaidi. Hapo awali kila kihariri kilipaswa kuifahamu kila lugha peke yake: vihariri kumi na lugha ishirini zilidai kazi mia mbili tofauti za kukamilisha majina, kuonyesha makosa na kuruka hadi mahali jina lilipoanzia. Mwaka 2016 Microsoft, ikishirikiana na Red Hat na Codenvy, ilitangaza itifaki ya pamoja ambapo lugha huwa na seva yake ndogo ya maarifa, na kihariri chochote kinaweza kuiuliza. Mia mbili ikawa thelathini. Vim na Emacs, ambazo watu walishazichimbia kaburi, zikapata maarifa yaleyale ya vijana. Kabla ya kuhama kwa sababu ya tamaa ya kitu kimoja ulichokiona kwa jirani, angalia kwanza kama kihariri chako hakijapata njia ya kukipata hukohuko kilipo.

Soma ukurasa wa kwanza wa Vim

Hatua hii watu huiruka, nami naomba usiiruke. Fungua Vim bila faili yoyote. Katikati ya skrini kuna maandishi machache, na miongoni mwake kuna ombi la kuwasaidia watoto maskini nchini Uganda.

Bram Moolenaar, Mholanzi, alianza kuitengeneza Vim mwaka 1988 kwenye kompyuta ya Amiga kwa sababu hakupata vi nzuri ya mashine hiyo, na mwaka 1991 akaitoa kwa umma. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda usio mbali na mpaka wa Tanzania, akakaa mwaka mmoja akijitolea kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira. Eneo lile lilikuwa limepigwa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Kituo cha watoto pale kiliwapa shule, chakula na matibabu. Moolenaar aliporudi Uholanzi hakuisahau Kibaale. Alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo hicho, akaifanya Vim kuwa programu ya hisani: itumie bure, inakili utakavyo, ila ukiweza, changia watoto wa Kibaale. Tangu hapo ombi hilo limesafiri na kila nakala, kwenye kompyuta za benki, za maabara, za serikali.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumefundishwa kwamba zana hizi hutoka mbali na hazituhusu ila kama wateja. Basi ijulikane kwamba kihariri kinachokuja na karibu kila kompyuta ya Linux na ya Mac duniani kinaitaja Uganda kwenye uso wake. Sehemu ya ada ya shule ya watoto wa Kibaale ilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kutoka Vim.

Moolenaar aliiongoza Vim hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Hakuwa mtu mwepesi wa kukubali mabadiliko. Mwaka 2014 waliochoka kusubiri walichukua msimbo wake wakaanzisha Neovim, na miongoni mwa waliyoyataka ni uwezo wa kuendesha kazi pembeni bila kihariri kusimama. Mwaka 2016 Vim toleo la 8 likaja na uwezo wa namna hiyo. Vijana walioondoka walikuwa na haki, na mzee aliyebaki alijifunza kutoka kwao. Leo zote mbili zinaishi.

Mashine inapoandika

Juni 2021 GitHub ilionyesha Copilot, msaidizi wa akili mnemba anayependekeza msimbo unapoandika. Mwaka uliofuata ikawa ya kila anayelipa. Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa wajuzi wakubwa wa fani hiyo, alieleza namna mpya ya kufanya kazi ambayo mtu huiambia mashine anachotaka na hausomi kabisa msimbo unaotoka. Baada ya hapo zikaja zana zinazosoma mradi mzima, zikabadilisha faili, zikaendesha majaribio, na baadhi ya zinazopendwa sana zinaishi ndani ya terminali, mahali ambapo wazee wa vi hawakuwahi kuondoka.

Hofu iliyopo si mpya. Grace Hopper alipotengeneza programu ya A-0 mwaka 1952, ili kompyuta yenyewe iunganishe vipande vya programu, wengi hawakuamini kwamba mashine inaweza kufanya zaidi ya hesabu. Timu ya John Backus kule IBM, iliyotoa FORTRAN mwaka 1957, ilijua kwamba waliozoea kuandika lugha ya mashine kwa mkono hawangekubali msimbo wa polepole, hivyo ikatumia nguvu nyingi kuhakikisha kompaila inatoa msimbo unaokaribia ule wa fundi. Fundi alipokubali, kazi yake haikuisha. Ilipanda ngazi moja.

Lakini ipo tofauti ambayo haifai kufunikwa. Kompaila ina sheria zilizoandikwa, na faili moja ukiipa mara mbili, itakupa maana ileile mara mbili. Msaidizi wa akili mnemba anaweza kujibu vingine kila ukimuuliza, na huwa anataja kwa ujasiri kazi za maktaba ambazo hazipo. Kwa hiyo kanuni ni ya kusoma. Usiingize msimbo ambao huwezi kumweleza mwenzako saa tisa usiku, seva ikiwa chini na wateja wakipiga simu. Anayeanza aandike kwanza kwa mkono, akwame, kisha ndipo aulize. Maana anayepewa jibu kabla ya kukwama hajui swali lilikuwa nini. Na mzee asikatae kwa kiburi. Ampe msaidizi kazi za kuchosha: kuandika majaribio, kueleza msimbo wa mtu aliyeondoka kazini, kuhamisha faili za lugha iliyokufa.

Kuna faida moja ambayo naithamini kuliko kasi. Tangu kompyuta zilipofika kwetu, ujumbe wa kosa umekuja kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wenye akili ya hesabu wameangushwa na sentensi, si na hoja. Sasa kijana wa Tabora anaweza kubandika ujumbe huo na kuuliza kwa Kiswahili kosa liko wapi, akajibiwa kwa Kiswahili. Jibu huwa na dosari, na lazima alipime. Lakini mlango uko wazi, na mwalimu anayeufunga kwa sababu yeye aliingilia dirishani anamnyima mwanafunzi haki yake.

Ukipata watumiaji

Ukifika umri fulani, utajikuta umetengeneza zana ambayo wengine wanaitegemea, hata kama ni hati fupi ya kupeleka programu kwenye seva. Hapo mwongozo unabadilika.

Mwaka 1976, katika maabara za Bell, Stuart Feldman aliandika Make, programu ya kujenga programu nyingine. Aliamua kwamba mistari fulani lazima ianze na kitufe cha Tab. Nafasi za kawaida, ingawa machoni zinafanana nayo, zingekataliwa. Muda mfupi baadaye aliona kwamba uamuzi ule ni wa taabu. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwavurugia. Karibu nusu karne sasa, wanafunzi duniani kote hupoteza saa nzima wakitafuta kosa lisiloonekana, kwa heshima ya wale kumi na wawili. Kwa hiyo kama una watumiaji watatu na kuna jambo linawakwaza, nenda kwenye meza zao, waombe radhi, libadilishe wiki hii. Wakishafika elfu moja, hutathubutu.

Na panga mapema nani atashika baada yako. Linus Torvalds alianza Git Aprili 2005, baada ya kernel ya Linux kupoteza zana iliyokuwa ikiitumia, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu wakati huo. Miezi mitatu ilitosha. Mtu wa pili awe na nywila za seva na ruhusa ya kutoa toleo. Aandikiwe kwa lugha nyepesi kwa nini kila uamuzi wa ajabu ulifanyika, hata ule uliotokana na mashine iliyokuwa na kibodi mbovu. Kisha mwache atoe toleo moja peke yake, wewe ukiwa upo lakini umekunja mikono.